Kiwanja cha Vyumba Sita

Jumamosi ya tarehe 16 Novemba 2024, mnamo saa tatu asubuhi, jengo la ghorofa nne liliporomoka Kariakoo, kwenye eneo la Mtaa wa Mchikichi na Kongo. Saa tatu ya Jumamosi Kariakoo hakuna aliyelala: fremu zimeshafunguliwa, makuli wameshashusha mizigo ya usiku, wateja wa mikoani wameshafika na orodha zao mkononi. Waokoaji walichimba kwa siku kadhaa. Waliokwama chini walipelekewa maji, glukosi na oksijeni kupitia matundu. Zaidi ya 80 walitolewa wakiwa hai. Waliofariki hawakupungua 29.

Aliyeunda kamati ya wataalamu 19 ya kukagua majengo ya Kariakoo baada ya hapo alikuwa Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, ambaye huku kwetu Ruangwa alikuwa mbunge tangu 2010. Alikuwa ameshaitwa Kariakoo kabla. Mei 2023, wafanyabiashara walipofunga maduka wakilalamikia kodi na kamatakamata, ni yeye aliyekwenda kuwasikiliza hadharani Mnazi Mmoja. Juni ya mwaka uliofuata waligoma tena.

Msomaji wa Ruangwa au Nachingwea ana haki ya kuuliza sura ya maghorofa inamhusu nini. Huku ghorofa ni za kuhesabika, na mtu akijenga moja watu humtaja kwa hiyo ghorofa yake. Lakini Kariakoo ni duka letu. Kitenge cha mama wa Mbekenyera, betri ya sola ya Mnacho, vyombo vya harusi ya Nachingwea, karibu vyote vimepita pale. Pesa ya ufuta ikishalipwa kupitia AMCOS na chama kikuu cha RUNALI, haupiti muda imeshaingia kwenye droo ya mtu Mtaa wa Kongo. Na watu wetu wako kule siku nyingi. Vijana wa Lindi na Mtwara walikuwa miongoni mwa wa mwanzo kutembeza bidhaa mikononi katika mitaa ile, kabla wengine wa bara hawajaona kuwa biashara hiyo inalipa. Leo yupo kijana wa Ruangwa anayelinda stoo ya ghorofa ya tano, na mwingine anayekata vitambaa ghorofa ya pili. Jengo likianguka Kariakoo, simu zinaita mpaka Namichiga.

Ninachodai katika sura hii ni kimoja. Kariakoo ilipanda juu kiwanja kimoja kimoja, kila mwenye kiwanja na mbia wake, juu ya vipimo vilivyokatwa kwa ajili ya nyumba ya Kiswahili. Nyumba zikaondoka, vipimo vikabaki. Shida nyingi tunazozilaumu kwa ghorofa ziko chini, kwenye kiwanja.

Viwanja hivyo walivipima Wajerumani, miaka ya mwisho kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, mitaa iliyonyooka ikikatana kama mistari ya daftari la hesabu. Vita ikaja, Waingereza wakaweka pale kambi ya wapagazi wao, jina la kikosi hicho likabaki. Baada ya vita waliligawa jiji kwa rangi: Wazungu upande wa kaskazini kando ya bahari, Wahindi katikati ya mji penye maduka, Waafrika Kariakoo na baadaye Ilala, na Mnazi Mmoja ikaachwa wazi katikati kama mpaka. Kwa Waafrika sheria iliruhusu nyumba za vifaa vya kawaida, miti na udongo, makuti, kisha bati. Hakuna aliyetarajia kuwa siku moja pale patawekwa nguzo za zege.

Nyumba yenyewe kila mtu wa pwani anaijua. Korido katikati, vyumba vitatu kushoto, vitatu kulia, baraza mbele, uani nyuma penye jiko na choo. Mwenye nyumba analala chumba kimoja, vingine anapangisha. Kwa kipimo hicho kiwanja kilitosha kabisa, na ua ulikuwa mkubwa kiasi cha kupikia pilau ya maulidi. Siasa ya nchi hii ilikulia kwenye nyumba za namna hiyo. TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954 katika nyumba ndogo kando ya mtaa ambao leo unaitwa Lumumba.

Kwa nini basi nyumba hizo zilidumu hadi miaka ya 1990, zikiwa katikati ya soko kubwa kuliko yote nchini? Wengi hujibu umaskini. Mimi naweka mbele sheria. Mwaka 1971, miaka minne baada ya Azimio la Arusha, serikali ilipitisha sheria ya kutwaa majengo: nyumba ya kupangisha yenye thamani ya shilingi 100,000 au zaidi iliweza kuchukuliwa na dola. Majengo mengi ya mjini, hasa ya Wahindi, yakaingia mikononi mwa Msajili wa Majumba. Nyumba ya udongo na bati ya Kariakoo haikufikia thamani hiyo, ikasalimika. Lakini somo lilieleweka na wote: usijenge kikubwa cha kupangisha. Mwenye akili alipaka chokaa, akabadilisha bati, akatulia.

Kikubwa kilichojengwa Kariakoo wakati huo kilikuwa cha umma, nacho kilijengwa kwa fikra. Soko kuu alilichora Beda Amuli, mmoja wa wasanifu majengo wa kwanza Waafrika katika Afrika Mashariki, likafunguliwa mwaka 1975. Paa lake ni la miavuli ya zege iliyogeuzwa juu chini, inayokinga maji ya mvua na kuyateremsha kupitia nguzo. Chini ya ardhi kulikuwa na sehemu ya kuhifadhia mizigo, iliyokusudiwa tangu ramani ya kwanza, na kuta zake zilihesabiwa kubeba udongo unaosukuma kutoka pembeni. Naomba msomaji aiweke akilini sehemu hiyo ya chini. Soko hilo liliungua usiku wa tarehe 10 Julai 2021, likaingia kwenye ukarabati mkubwa.

Milango ilifunguliwa taratibu. Mwaka 1984 serikali iliruhusu watu binafsi wenye fedha zao kuagiza bidhaa kutoka nje, na mwaka uliofuata akaja Rais Ali Hassan Mwinyi, mzee wa ruksa. Mitumba, vitenge, redio, sabuni vikamiminika, na vyote vilihitaji mahali pa kuuzwa. Watu wakavunja ukuta wa chumba cha mbele na kutia mlango wa bati. Chumba cha bibi kikawa fremu. Sheria ya Ardhi ya 1999 na marekebisho yake ya 2004 yakarahisisha kuuza ardhi na kuiweka rehani. Mwaka 2002 ukaandaliwa mpango wa kuiendeleza upya Kariakoo, ukiruhusu majengo marefu pale palipokuwa na nyumba za chini. Mwaka 2008 ikaja sheria ya umiliki wa sehemu za majengo, na sasa mtu aliweza kuwa na hati ya ghorofa ya tatu bila kumiliki ardhi iliyo chini yake.

Hapo ndipo ilipoanza biashara ambayo watu wa mikoani hatuielewi vizuri, nami naona ndiyo kiini cha mambo yote.

Nyumba ya Kariakoo kwa kawaida ni ya familia. Babu aliijenga, akafa, mirathi haikugawanywa, wajukuu ni wengi kuliko vyumba. Hakuna hata mmoja mwenye mtaji wa ghorofa, na benki haimkopeshi mtu anayedai sehemu isiyojulikana ya nyumba ya marehemu. Anakuja mwekezaji, mara nyingi ameletwa na dalali. Anasema: ninyi mna ardhi, mimi nina fedha. Nitajenga kwa gharama zangu, tutagawana. Pengine familia itapewa ghorofa mbili na fremu kadhaa za chini. Pengine mwekezaji atachukua kodi zote kwa miaka waliyokubaliana, kisha jengo lirudi kwa familia. Wazee wanasaini, wanapewa fedha za kupanga mahali pengine wakati wa ujenzi, wanahamia Mbagala au Chanika. Wengi hawarudi. Wengine huuza kabisa na kugawana, na huwezi kuwalaumu: nyumba moja ya vyumba sita imewajengea watoto sita nyumba sita pembezoni.

Angalia sasa hesabu ya mwekezaji. Fedha iko chini, usawa wa barabara. Mteja wa Kariakoo anatembea, anaangalia, anaulizia bei, anasonga mbele. Fremu ya chini inayotazama mtaa hupangishwa kwa kodi ya miezi mingi kwa mkupuo, na anayeitaka humlipa anayetoka kilemba kabla hata hajafikia kodi ya mwenye nyumba. Ghorofa ya kwanza inalipa kidogo. Kuanzia ya tatu kwenda juu, bila lifti ya kuaminika, hakuna mteja anayepanda kununua shuka. Kwa hiyo mwenye jengo ana sababu moja ya kufanya mambo mawili. Kwanza, ajaze kiwanja chote, ukuta kwa ukuta na jirani, asiache hata uchochoro, kwa kuwa kila futi ya chini ni fremu. Pili, akishamaliza upana, aende chini ya ardhi, kwa sababu duka lenye ngazi kumi za kushuka linapata wateja kuliko duka lenye ngazi arobaini za kupanda.

Jiji lenyewe lilishaonywa kuhusu wateja wasiopanda. Machinga Complex pale Karume, Ilala, majengo ya ghorofa yaliyojengwa kwa mkopo wa NSSF ili wafanyabiashara wadogo waondoke barabarani, yalikaa na nafasi tupu juu huku waliokusudiwa wakirudi kupanga bidhaa zao kando ya njia. Hawakuwa wakaidi. Walijua miguu ya wateja wao inaishia wapi.

Ghorofa za juu za Kariakoo zikapata kazi nyingine: stoo. Hapa mhandisi hushika kichwa. Sakafu iliyochorwa kwa ajili ya familia, vitanda na makabati, inahesabiwa uzito mdogo kuliko sakafu ya ghala. Ukiipangia marobota ya vitenge hadi darini, au maboksi ya vigae, au mabunda ya madaftari msimu wa shule, umeibebesha mzigo ambao haumo kwenye hesabu. Zege halilalamiki siku ile ile. Linapinda kidogo, linapata nyufa, mtu anapiga plasta na rangi. Nondo zilizopunguzwa wakati wa ujenzi, mchanga wenye chumvi, saruji iliyokatwa kwenye mchanganyiko ili ibaki ya kuuza, vyote hivyo hukaa kimya ndani ya ukuta vikisubiri mzigo wa mwisho.

Na kuchimba chini ni hatari zaidi. Nguzo ya jengo imesimama juu ya kitako cha zege, na kitako kimeshikwa na udongo ulio chini yake na pembeni yake. Udongo wa Kariakoo ni wa mchanga, na bonde la Msimbazi liko karibu, kwa hiyo maji ya ardhini hayako mbali. Ukichimba kando ya kitako ili upate chumba cha duka, umeondoa kile kilichokuwa kinakishika. Jengo lako linaweza kusimama, la jirani likaenda, maana mmejenga ukuta kwa ukuta. Sehemu ya chini ya Soko Kuu ilikuwemo kwenye ramani tangu mwanzo. Ya mfanyabiashara anayechimba usiku akiwa na wapangaji juu haimo kwenye ramani yoyote.

Watu husema serikali haina sheria. Zipo, na vyombo vipo vingi hadi vinagongana. Kuna Sheria ya Mipango Miji ya 2007. Kibali cha ujenzi hutolewa na halmashauri. Mhandisi anasajiliwa na bodi yake, mkandarasi na yake, msanifu na mkadiriaji majenzi na yao. Wakati wa ujenzi kila mmoja ana bango lake pale mbele. Lawama yangu kwa utaratibu huu ni kwamba karibu wote huondoka jengo likikamilika. Mabango yakishateremshwa, anayebaki na jengo ni mwenye fremu, dalali na fundi wa kuitwa. Ukuta ukibomolewa ili fremu mbili ziwe moja, nani anajua kama ulikuwa umebeba kitu? Gari letu tunalipeleka fundi kila linapogonga. Jengo lenye watu mia tatu hukaa miaka ishirini bila mhandisi kuingia.

Wala onyo halikuanza 2024. Ijumaa Kuu ya tarehe 29 Machi 2013, jengo la ghorofa 16 lililokuwa bado linajengwa karibu na Mtaa wa Indira Gandhi, katikati ya jiji, liliporomoka na kuua watu 36, wakiwemo watoto waliokuwa wakicheza jirani. Iliripotiwa wakati ule kuwa kibali kilikuwa cha ghorofa kumi. Miaka saba nyuma yake, 2006, hoteli ya ghorofa ilianguka Chang'ombe, na Waziri Mkuu wa wakati huo, Edward Lowassa, akaunda tume ya kukagua majengo ya Dar es Salaam. Tume ya 2006, kamati ya 2024. Tungekuwa tunakagua kila mwaka, tusingehitaji kuunda chochote.

Naona haja ya kuwatetea wenye maghorofa kidogo, kwa sababu mtu akiwa Ruangwa ni rahisi kusema afadhali tubaki chini. Urefu wenyewe hauna kosa. Kule Posta, minara pacha iliyojengwa na PSPF kando ya Barabara ya Sokoine ina ghorofa zaidi ya 30, na jengo la Mamlaka ya Bandari haliko mbali nayo. Ghorofa zaidi ya 30 zimesimama, ghorofa nne zimeanguka. Tofauti ni kiwanja kikubwa, udongo uliopimwa, mhandisi mmoja anayewajibika na mwenye mali anayejulikana. Na Kariakoo iliyobaki na nyumba za bati isingewauzia wateja wa Lubumbashi, Lilongwe na Moroni. Ajira zilizozaliwa mle ni nyingi mno kuzibeza.

Ila nasikitika tulivyouacha ua wa nyuma. Jengo linalojaza kiwanja chote halina pa kuingizia mwanga wala hewa ila mbele, gari la zimamoto haliwezi kulizunguka, na moto ukianza kwenye stoo ya ghorofa ya nne wenye bahati ni walio karibu na ngazi, mara nyingi moja tu. Viwanja viwili vitatu vingeunganishwa, jengo moja kubwa likajengwa na uchochoro ukaachwa nyuma, fremu zingekuwa karibu zile zile. Mpango ungeweza kulazimisha hivyo. Lakini kuunganisha viwanja kunataka familia tatu zenye warithi arobaini zikubaliane, na kila dalali anajua kuwa familia moja ni rahisi zaidi.

Sisi wa Kusini tuliwahi kuonja kinyume chake. Mwaka 1947 Waingereza walianza mradi wa karanga Kongwa, Urambo na Nachingwea, wakikusudia kulima ekari zaidi ya milioni tatu. Nachingwea ilipangwa kwenye karatasi: barabara, nyumba za wakubwa, kiwanja cha ndege, reli ya kuteremka baharini hadi bandari mpya ya Mtwara. Karanga hazikukubali, mradi ukafutwa 1951 ukiwa umekula pauni milioni 36 hivi, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli ikang'olewa. Mji ulipimwa kabla ya kuwa na watu wala biashara ya kuujaza. Kariakoo biashara imejaa na kumwagika, upimaji ni ule wa kabla ya 1914.

Ruangwa, iliyofanywa wilaya mwaka 1995, iko katikati ya hali hizo mbili, na kwa maoni yangu hapo ndipo pazuri pa kuwa. Biashara ipo: ufuta, korosho, madini ya kinywe ambayo dunia inayataka kwa ajili ya betri za magari ya umeme. Uwanja wa Majaliwa ukiwa na mechi ya Namungo, nyumba za wageni hujaa. Na watu wanaongezeka kuliko tunavyodhani. Sensa ya 2012 iliukuta mkoa wa Lindi na watu 864,652. Ya 2022 ikaukuta na watu 1,194,028. Hilo ni ongezeko la asilimia 38 kwa miaka kumi. Dar es Salaam, katika muda huo huo, ilitoka 4,364,541 hadi 5,383,728, asilimia 23. Kwa kasi, mkoa wetu umelipita jiji.

Tembea barabara kuu ya mji wowote wa wilaya unaokua utaona fremu zimepangwa mstari mmoja, milango ya bati, vibaraza vya saruji, nyuma yake nyumba ya familia. Ndivyo Kariakoo ilivyokuwa mwishoni mwa miaka ya 1980. Nondo zinazochomoza juu ya baadhi ya fremu hizo zinasema mwenyewe anangoja msimu mmoja mzuri wa korosho aongeze ghorofa, na mara nyingi msingi ulio chini uliwekwa kwa ajili ya fremu peke yake.

Madiwani na maofisa ardhi wa Ruangwa na Nachingwea bado wana nafasi ambayo Kariakoo haina. Viwanja vya biashara vya barabarani vipimwe vikubwa sasa, wakati ekari bado inauzwa kwa bei ya shamba, na uchochoro wa nyuma upimwe upana wa kupita gari la zimamoto na uandikwe kuwa mali ya umma, usiwe hisani ya jirani. Ramani za kila jengo la ghorofa zihifadhiwe halmashauri, na mhandisi wa wilaya apewe mafuta ya kwenda kulikagua hata baada ya bango kushushwa. Na wewe mwenye kiwanja cha babu barabarani, siku mwekezaji atakapokuja na mkataba, usisaini kabla warithi wote hawajakaa pamoja, na usimtegemee mhandisi wake. Tafuta wa kwako, mlipe mwenyewe, na swali la kwanza umuulize udongo wa hapo unabeba nini.